Miguu Mbele ya Geti la Mablanketi

Tarehe 4 Februari

Mke wangu wa mbali,

Shikamoo uliyonitumia mwaka jana nimeimaliza, leta nyingine. Mimi mumeo mzima: meno manne, magoti mawili, na mdomo mmoja ambao daktari amesema utaishi kuliko mimi. Majirani wazima pia, hasa wale niliowaombea wafe, hao wana afya sana. Na wewe? Bado hujapata mume wa kweli? Haya, usilie. Mwanamke aliyefua mashuka ya hospitali miaka kumi na moja ameshaona wanadamu wanavyoacha vitanda, atatamani nini tena? Na huo mguu wa kushoto, bado unaburuta kisigino kama jogoo aliyefungwa kamba? Usinilaumu mimi. Yale majivu ya moto ya boila uliyakanyaga mwenyewe, mtoto wa miaka sita, bakuli la chakula cha babu yako kichwani. Nilisema "ruka", wewe ukakanyaga.

Simu usinipigie. Kwenye simu mtu anakukata hadithi ikiwa imenoga. Barua haikatiki. Mimi nasema, Kinyozi anaandika. Herufi zake, akili yangu.

Sasa sikiliza. Jengo lililotazamana na geti la kiwanda cha mablanketi linauzwa. Unalijua: fremu nne za maduka kwa mbele, stoo nyuma, na kachumba kamoja ubavuni. Fremu ya kwanza yumo Kinyozi. Mwenye jengo ni yule Bwana Kesho, anayemwambia kila mtu "kesho", hata mkewe siku ya uchungu wa kuzaa. Safari hii Bwana Kesho anataka leo. Nikamwuliza, haraka ya nini? Akasema amechoka na mji. Haya, mji ukimchosha mwenye fremu nne, mimi nani nimpepee?

Nunua, mjukuu wangu. Kiwanda kile nakijua kama mfuko wa suruali yangu. Miaka thelathini na moja nimepuliza king'ora mimi. Mji huu ulikuwa ukiamka nikitaka mimi! Siku moja nilichelewa dakika kumi, nilikuwa nashinda karata, na mji wote ukachelewa dakika kumi. Treni iliondoka bila mkuu wa stesheni. Kuna mtu alikuwa anyongwe asubuhi ile, akaishi dakika kumi zaidi, mpaka leo watoto wake wananiamkia.

Nikwambie na la moyoni. Siku waliyonistaafisha walinipa blanketi moja, tena lina tundu, na yule msimamizi wangu, Nyundo, akanicheka mbele ya zamu nzima: "Mzee, sasa utampulizia nani, mkeo?" Na bibi yako alikuwa na siku arobaini kaburini. Nataka nikae kwenye kiti kikubwa mbele ya geti lile, jengo nyuma yangu likiwa la mjukuu wangu, na Nyundo akitoka zamu aniinamie. Nikipata hilo, hata kesho nife. Siyo kesho ya Bwana Kesho, kesho kweli.

Mumeo,
Babu King'ora

Tarehe 2 Machi

Mume wangu mzee,

Shikamoo, hii ni mpya, itunze. Huku baridi imepasua midomo yetu wote, lakini mimi chumba cha kufulia kina mvuke mchana kutwa, kwa hiyo napasuka nje na kuiva ndani. Mvuke nimeurithi kwako. Yule mwenzangu wa meza ya kukunja mashuka ameacha kazi, mgongo umemwisha. Wangu unaelekea hukohuko. Daktari ameupa miaka miwili ya kazi, isiyozidi.

Kwa hiyo nimesoma habari ya jengo mara nne. Nataka kurudi, babu. Lakini nilicho nacho ni cha miaka kumi na moja, na nyuma yake hakuna kingine. Nikikosea hapa, nitazeeka nakunja mashuka ya wazee wa watu mpaka wanikunje na mimi.

Wanaojua biashara ya majengo wameniambia neno moja: usinunue ukuta, nunua miguu inayopita mbele ya ukuta. Basi nijibu matatu. Asubuhi wanapita watu wangapi mbele ya jengo? Bomba la kiwanda linatoa moshi? Na la tatu, mwaka juzi nilikutumia gharama za kutolewa mtoto wa jicho. Hujaniambia ulitolewa lini.

Nipe hesabu, babu. Hadithi nitazisikiliza nikija. Ukinidanganya kwenye hili, huo hautakuwa utani.

Mkeo mdogo

Tarehe 29 Machi

Mke wangu mkali kama pilipili ya kwenye jicho,

Salamu zako nimezipata zikiwa zimeganda, nimeziweka juani. Huku wazima. Paka wa jirani amezaa sita, mwenye paka hajui baba, mimi ninamjua lakini sisemi, mimi si mchonganishi. Kinyozi anakusalimu. Amemnyoa jana bwana harusi akamkata sikio, harusi imeendelea.

Umetaka hesabu. Utaipata, na utanyamaza. Nilitoka kabla jua halijatoka nikakaa ukutani kwa Kinyozi. Mfuko wa kulia nimejaza vizibo vya soda, mfuko wa kushoto mtupu. Kila akipita mtu mmoja, kizibo kimoja kinahama. Kizee kisicho na shule kimevumbua mashine! Vizibo viliisha, nikaanza upya, vikaisha tena. Watu elfu moja mia nne na kumi na mbili, mke wangu. Na hawapiti tu! Wanafika getini wanasimama, wanaongea, wanaimba kabisa, mpaka jua kali. Enzi zetu tulikuwa tunaingia kazini tumenuna. Hawa wanaimba. Kiwanda ambacho watu wanaimba nje ya geti lake, hicho kina maisha.

Moshi upo. Unaingia puani mpaka kooni. Una harufu ya mpira mpira, nadhani siku hizi boila wanalilisha kitu kipya, hawana adabu ya makaa. King'ora ndicho nisichokisikia. Sishangai. Tangu nitoke mimi, nani mwenye mkono wa kukipuliza? Wameona aibu wakaacha. Watu wana saa mikononi.

Maneno ya watu yapo, sitakuficha, kwamba kiwanda kinayumba. Kiwanda kile kinayumba tangu mimi nina meno yote. Na hao wanaosema ndio waliosema mwaka jana kwamba sitamaliza mwezi. Wawili kati yao nimewazika.

Kuhusu macho, wewe unauliza kama askari. Mimi namwona inzi akipiga chafya. Mtoto wa jicho naye ni mtoto, mtu mzima hafukuzi mtoto nyumbani. Tuache hayo. Nimetengenezewa kiti! Miguu ya chuma, mgongo wa mbao, mikono mipana ya kuwekea kikombe. Fundi wa kuchomelea amesema hajawahi kutengeneza kiti kama hicho isipokuwa cha askofu. Kinangoja jengo tu.

Mumeo mwenye hesabu,
Babu King'ora

Tarehe 21 Aprili

Babu yangu,

Shikamoo. Wote wazima huku, ila mimi tangu jana sijalala.

Nimenunua. Wakili amesaini kwa niaba yangu, Bwana Kesho akapokea siku hiyohiyo. Amepunguza bei kabla sijamwomba. Mtu anayekuuzia mbuzi huku anamsukuma kwa nyuma, unajiuliza mbuzi ana nini. Halafu nikakumbuka vizibo vyako. Elfu moja mia nne na kumi na mbili. Nikasema, babu yangu ana mdomo, lakini hawezi kunichezea kwenye hili.

Hamia kale kachumba ka ubavuni, usilipie mtu. Kusanya wapangaji, waambie mimi ndiye mwenye jengo. Hukunijibu kuhusu macho. Sawa. Nimenunua kwa macho yako, hilo tu ulijue.

Mkeo

Tarehe 17 Juni

Bi mwenye jengo,

Nikusalimie nikiwa nimekaa au nimesimama? Siku hizi wewe ni tajiri, mimi ni bawabu wako. Nimehamia kachumbani. Kazuri, ila mlango wake una tabia mbaya, umenipiga usoni mara tatu. Pua inauma, paji la uso lina nundu, mdomo mzima.

Kiti kipo mahali pake! Nimekaa kama jaji. Ninasikia wanavyopita wanapunguza mwendo. Wivu, mke wangu, una harufu kuliko soksi. Mmoja alinitemea mate kabisa, yakatua kwenye mkono wa kiti. Akaniambia, "Endelea kutuhesabu, kibaraka wa meneja." Nikamwuliza wewe ni nani, akasema, "Hunijui leo?" Kumbe Nyundo! Nilimwambia ateme tena, upande wa pili haujalowa. Watu wakacheka. Wakacheka upande wangu, nadhani.

Wapangaji watatu wamesafiri. Kinyozi yupo, amepata kioo kipya cha ukuta mzima, anasema. Bwana Kesho alimwachia zawadi ya kuagana. Unaona jengo lako lilivyo na baraka?

Miguu imepungua kidogo. Juzi nimehesabu mia mbili, jana arobaini. Ni huu msimu wa upepo, watu hawapendi vumbi. Wataongezeka. Wewe usiniulize ulize, mwenye jengo mzuri hachungulii chungu kila saa.

Lini unakuja? Jengo limekwisha kuwa lako, huna sababu tena.

Bawabu wako,
Babu King'ora

Tarehe 30 Agosti

Babu,

Shikamoo. Mimi mzima. Habari za nyumbani huna haja ya kuniambia, nimeziona.

Barua hii anakusomea Kinyozi. Kinyozi, soma yote, usiruke mstari. Nitaulizia.

Tarehe kumi na nne mwezi huu nilishuka stesheni saa tatu asubuhi. Sikukuarifu, nilitaka nikutokee ghafla nione unavyoruka. Nikatembea mpaka kwenye jengo langu. Geti la kiwanda lina mnyororo, na mnyororo una kutu. Bomba halina moshi, ndege wamejenga juu yake. Fremu tatu zimefungwa kwa mbao. Barabara nzima ilikuwa na mbwa mmoja, amelala katikati, kwa sababu hakuna cha kumwamsha.

Na wewe kitini. Nikaja mpaka hatua mbili kutoka magotini kwako. Ukainua uso, ukautazama ukuta ulio pembeni yangu. Macho yako meupe kama maziwa, babu, yote mawili. Ukasema, "Karibu mama, unatafuta fremu? Umefika. Ona umati huo." Nikanyamaza. Ukaendelea. "Jengo la mjukuu wangu hili. Yuko mbali, anafua. Mume hana, mguu hana, akili nimemshikia mimi. Nikisema nunua, ananunua. Ningemwambia anunue mvua, angeuliza ndoo ziko wapi."

Niligeuka nikaondoka, nikalala nyumba ya wageni, na asubuhi nikaenda kuuliza kila nilichopaswa kuuliza kabla.

Kiwanda kilifungwa Januari. Wiki mbili kabla ya barua yako ya kwanza. Wale elfu moja mia nne uliowahesabu ni wafanyakazi waliofukuzwa, walikuja kila siku kudai haki yao. Walikuwa wanaimba kwa hasira. Moshi uliounusa ni matairi waliyochoma barabarani. Walipungua kwa sababu walikata tamaa. Ulikaa na vizibo vyako ukinihesabia msiba, na kila kizibo kilikuwa mtu asiye na senti ya kununua hata wembe.

Kinyozi, wewe una macho mawili mazima. Ulikuwa unaandika "wanaimba" huku unawaona. Kioo chako nimekiona. Kila ukijitazama humo, unaona nilichokifanyia kazi miaka kumi na moja. Endelea kusoma.

Jengo nimeliuza, babu. Mnunuzi mmoja tu alijitokeza, wa vyuma chakavu. Amenunua mashine za kiwanda na anataka uwanja wa kuzirundika. Nimepata thamani ya milango na mabati. Tarehe nne Oktoba vijana wake wanabomoa, fremu zote, stoo, na kachumba kako. King'ora chako pia amekinunua. Atakiuza kwa kilo.

Nimekulipia kitanda cha mwaka mmoja kwenye nyumba ya wazee iliyo nyuma ya stesheni. Gari litakuja kukuchukua. Kitanda tu. Kiti hakiruhusiwi, niliuliza makusudi. Kile kiti ndiyo macho yako, sivyo? Fundi wa kuchomelea amenieleza ulimlipa lini na kwa hela zipi.

Mimi narudi kukunja mashuka mpaka mgongo ukatike. Ulitaka Nyundo akuinamie. Kaa hapo umngoje.

Usiniite mkeo.

Mjukuu wako

Tarehe 4 Oktoba

Mjukuu wangu,

Umesema nisikuite lile jina, sikuiti. Shikamoo yako nimeipokea, ilikuwa na miiba, nimeimeza hivyohivyo. Mimi mzima. Mlango ulionipiga mara tatu wameung'oa asubuhi hii, kwa hiyo mimi na yeye tumemaliza ugomvi.

Kinyozi alisoma yote. Alipofika kwenye jina lake akakohoa, nikamwambia umeambiwa usiruke. Akamaliza. Usiku akahama, kioo kikamshinda kukibeba, vijana wamekivunja sasa hivi, nimesikia. Anayeniandikia leo ni Nyundo. Ndiyo, huyohuyo. Hana kazi, ana kalamu. Anataka niongeze neno "samahani" hapa. Nimemwambia aandike ninachosema mimi, usimamizi wake umekwisha Januari.

Umeuliza bila kuuliza, kama nilijua. Mtu aliyepuliza king'ora miaka thelathini na moja, king'ora kikinyamaza hajui maana yake? Nilijua. Niliambiwa pia, na zaidi ya mmoja. Lakini asubuhi ile miguu ilikuja, mingi, nikasema, umetaka miguu, hii hapa. Mtu mwenye babu anatuma dawa. Mtu mwenye jengo anarudi kuliangalia. Hayo ndiyo mahesabu yangu, mengine ya vizibo yalikuwa ya kwako.

Kuhusu macho sijasema kitu mpaka leo na sitasema.

Lakini tarehe kumi na nne nitaisema. Unadhani sikukujua. Mtoto niliyemlea tangu ana kinyesi miguuni! Ulitokea kwenye kona ya stesheni nami nikakusikia. Mguu wa kulia pa, wa kushoto shrrr. Pa, shrrr. Duniani kote anayetembea hivyo ni mmoja, na aliyemharibu mguu ni mimi. Nikasema moyoni, amekuja kimya kunitega, na mimi nimtege. Barabara nilijua tupu, ndiyo maana nikasema umati. Nikatafuta matusi makubwa kuliko yote niliyonayo, nikakuvika moja baada ya jingine, mume, mguu, akili, mvua, nikijua kwenye moja utanirukia shingoni unipige makofi huku unacheka, kama zamani. Nilikuwa nasubiri hicho kicheko tangu Februari. Hukucheka. Nikaongeza. Hukucheka.

Sasa wanavunja fremu ya pili. Wameniomba nisogee, nimewaambia wavunje nyuma yangu, kiti ni changu. King'ora wamekipitisha hapa kwenye mkokoteni. Nimeuliza kina kilo ngapi, wakasema arobaini na mbili. Nilidhani zaidi. Gari la wazee linakuja mchana. Kiti nimempa Nyundo. Alipokuja kukipokea aliinama kukinyanyua, na mimi bado nimekaa humo. Kwa hiyo hilo nimelipata, umwambie kila mtu.

Siku ile ulipoondoka nilihesabu. Vizibo sikuwa navyo, nilihesabu kwa vidole. Hatua thelathini na saba mpaka kwenye kona. Ya ishirini ulisimama. Nikafunga mdomo, nikashika mikono ya kiti, nikasema huyo, anageuka, anakuja kunitukana.

Halafu ikaja ya ishirini na moja.

Babu King'ora